Je, pesa za barabara zinaweza kutujengea mahali pa kukaa?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza nafaka na mboga hapa Busia, upande wa Uganda. Kando ya barabara yetu kuna kipande cha ardhi ambacho hatumjui mwenyewe. Hapo ndipo vijana wa boda boda wanapoegesha, ndipo watoto wa shule wanapowangoja wazazi, na ndipo sisi tunapouzia jioni. Mvua ikinyesha panakuwa dimbwi, na usiku ni giza tupu. Tumesikia barabara itatengenezwa. Kijana wetu mmoja amesoma kwamba huko Marekani miji hutumia ruzuku za serikali za uchukuzi kutengeneza sehemu za watu kukutana na kupumzika. Tulipouliza ofisini tukajibiwa kwamba pesa za barabara ni za barabara tu. Je, ndivyo? Na kama kuna njia, tuanzie wapi?

Jibu: Dada katibu, salamu kwako na kwa kina mama wenzako. Aliyewajibu hakuwadanganya, lakini amewapa nusu ya jibu. Ni kweli, mhandisi wa manispaa hawezi kuchukua fedha zilizotengwa kwa barabara akajenga bustani. Mkaguzi wa hesabu atamuuliza, na jibu hatakuwa nalo. Nusu iliyobaki ni hii: katika vitabu vya wahandisi wenyewe, barabara haijawahi kuwa lami peke yake. Mtaro wa maji ni barabara. Kifuniko cha mtaro ni barabara. Njia ya waendao kwa miguu, kivuko, tuta, taa, kituo cha abiria, ukuta mfupi wa kuzuia udongo, hata miti ya pembezoni, vyote hivyo ni sehemu ya barabara. Sasa rudi utazame kipande chenu. Mmesema ni dimbwi, mmesema ni giza, mmesema watoto wanangojea hapo. Karibu kila kinachowakera hapo kina jina ndani ya bajeti ya barabara.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huu, na mengine yote nitakayosema yanautumikia: msiombe bustani. Ombeni barabara iliyokamilika, na ombeni ikamilikie hapo penu.

Kijana wenu amesoma sawasawa kuhusu Marekani, na ni vizuri mjue ilikuwaje huko, kwa sababu tofauti yao na yetu ndiyo inayoonyesha njia ya kupita. Mwaka 1991 Marekani ilipitisha sheria mpya ya uchukuzi iliyoagiza kila jimbo litenge asilimia 10 ya fungu moja kubwa la fedha za barabara kwa mambo ya ziada: njia za miguu na baiskeli, upandaji wa miti na maua kandokando, ukarabati wa majengo ya kale ya uchukuzi, kugeuza reli zilizoachwa kuwa njia za matembezi. Sheria zimebadilika mara kadhaa tangu hapo, lakini mlango ule haujafungwa. Mfano ninaoupenda ni wa jiji la Indianapolis. Walijenga njia ya miguu na baiskeli ya maili 8, karibu kilomita 13, inayozunguka katikati ya jiji na kupita kwenye sanaa, miti na viti. Serikali kuu iliwapa ruzuku ya uchukuzi ya dola milioni 20.5 mwaka 2010, na kazi ikakamilika mwaka 2013. Ruzuku ile haikutosha kumaliza kazi yote. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilitoka kwa wafadhili binafsi, na ikaundwa taasisi ya kuitunza njia baada ya wajenzi kuondoka. Hilo la utunzaji nitalirudia, maana ndipo sisi tunapoangukia.

Kwetu hakuna sheria inayosema asilimia fulani ya fedha za barabara iende kwenye viti na vivuli. Tulicho nacho ni sera. Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, inayomtambua mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli kuwa mtumiaji wa barabara sawa na mwenye gari. Sera haina nguvu ya kumpeleka mtu mahakamani, lakini ukiitaja kwenye barua inamsaidia mhandisi mwenye nia njema kujitetea mbele ya wakubwa wake. Wahandisi wenye nia njema ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Wanachokosa mara nyingi ni maandishi ya wananchi ya kuegemea.

Jambo la kwanza kulifanya, kabla ya barua yoyote, ni kujua barabara hiyo ni ya nani. Busia ni mji wa mpaka, na mna barabara za aina mbili. Kuna barabara kuu ya taifa inayokwenda hadi kituo cha mpaka, na kuna barabara za manispaa zinazochepuka mitaani. Zamani ya taifa ilikuwa chini ya UNRA, yaani mamlaka ya barabara za taifa. Katika marekebisho ya mwaka 2024 ya kupunguza mashirika ya serikali, UNRA ilivunjwa na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara yenu ikiwa ya taifa, barua iende wizarani na nakala kwa manispaa. Ikiwa ya manispaa, barua iende kwa Karani wa Mji na nakala kwa mhandisi. Nimeona vikundi vikipoteza mwaka mzima vikigonga mlango usio wao, na hakuna aliyewaambia.

Swali la pili ni ardhi ile. Umesema hamumjui mwenyewe. Mara nyingi kipande cha namna hiyo ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa umma ulioachwa pande zote mbili kwa ajili ya upanuzi, mabomba na nyaya. Kama ndivyo, ni habari njema na ya tahadhari kwa pamoja. Njema, kwa kuwa fedha za barabara zinaruhusiwa kufika hapo bila kununua ardhi. Tahadhari, kwa kuwa hamwezi kujenga kitu cha kudumu; siku barabara ikipanuliwa kitavunjwa na hakuna fidia. Mwombeni afisa wa mipango miji awaonyeshe ramani. Tangu Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010 nchi nzima ya Uganda ni eneo la mipango, kwa hiyo kamati ya mipango ya manispaa lazima ihusike, hata kwa jambo dogo kama kibanda. Mkigundua kipande kina mwenyewe, simamisheni kila kitu hadi mzungumze naye na mwandikiane. Usiweke hata benchi moja juu ya ardhi ya mtu.

Sasa tuje kwenye vyungu vya pesa. Manispaa hupokea fedha za aina kadhaa, na kila chungu kina masharti yake.

Chungu cha kwanza ni fedha za matengenezo. Kwa miaka mingi zilipitia Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Hizi ni za kutunza kilichopo: kuziba mashimo, kuzibua mitaro, kuchonga barabara za udongo. Hazijengi kipya. Lakini mtaro wenu ulioziba, unaogeuza kipande chenu kuwa dimbwi, ni kazi ya matengenezo moja kwa moja. Hilo mnaweza kulidai hata robo hii ya mwaka.

Chungu cha pili ni fedha za ukarabati. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 serikali ilianza kutenga shilingi bilioni 1 kwa kila wilaya, jiji na manispaa kwa ajili ya barabara. Kwa wilaya yenye barabara nyingi za udongo hiyo humezwa haraka. Ni nyingi ukiigeuza kuwa vifuniko vya mtaro vya mita arobaini. Hapo ndipo mnapopaswa kuona ukubwa wa ombi lenu ulivyo mdogo mbele ya kazi nzima, na kulisema hivyo.

Chungu cha tatu ndicho kilicho laini kuliko vyote: ruzuku ya maendeleo yenye hiari, ile ofisini wanayoiita DDEG, iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17. Ndani ya miongozo ya serikali, baraza lenyewe huchagua ifanye nini, na sehemu yake hushuka hadi kwenye divisheni, yaani sehemu ndogo za manispaa. Vitu ambavyo fungu la barabara haliwezi kuvibeba, kama viti vya zege au bomba la maji, vinaweza kuingia hapa ikiwa diwani wenu atavisimamia.

Kisha kuna miradi mikubwa ya miji. Mnaukumbuka USMID, mradi wa kuendeleza miundombinu ya manispaa, ulioanza mwaka 2013 kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika manispaa 14, na katika awamu ya nyongeza ukafikia 22, Busia ikiwa mojawapo. Barabara zake zilikuja na njia za miguu, mitaro iliyofunikwa na taa za sola, na ndiyo sababu watu wa miji hiyo leo hawakubali tena lami tupu. Jambo moja la mradi ule halikupewa uzito wake: kila manispaa ilitakiwa kuwa na jukwaa la maendeleo, wakaao humo wafanyabiashara, vijana, watu wenye ulemavu, wazee, viongozi wa dini, wakakaa meza moja na ofisi ya mji. Ulizeni kama jukwaa lenu bado linakutana. Kama limelala, liamsheni. Barua ya kikundi cha kina mama peke yake husomwa. Barua iliyopitishwa na jukwaa hujibiwa.

Nikueleze sasa mahali ambapo mambo haya huamuliwa kwa kweli, kwa sababu si kwenye mkutano wa hadhara. Ni kwenye karatasi inayoitwa BOQ, orodha ya vipimo na bei. Kila kitu mkandarasi atakachofanya kimeandikwa humo mstari kwa mstari: mita ngapi za mtaro, vifuniko vingapi, taa ngapi, miti mingapi. Kitu kisichokuwa na mstari wake hakijengwi, hata kama mkuu wa wilaya alikiahidi jukwaani mbele ya watu elfu. Zabuni ikishatangazwa, kuongeza mstari ni kazi ya barua na vikao na mara nyingi haiwezekani. Kwa hiyo dirisha lenu ni kabla ya zabuni, wakati mchoro bado uko mezani kwa mhandisi. Na ikiwa manispaa inafanya kazi kwa mitambo na vibarua wake yenyewe, bila mkandarasi, basi mnachokitafuta ni mpango wa kazi wa mwaka wa idara ya ujenzi. Kanuni ni ile ile: uwe na mstari.

Mistari gani? Nimefanya kazi ya kupanga miji kwa muda mrefu, na kama ningekaa nanyi hapo penu jioni moja, nadhani tungeandika hivi. Mtaro wa upande wenu ujengwe kwa mawe au zege na ufunikwe kwa vifuniko vya zege, mahali penu tu, kwa urefu wote wa kipande. Vifuniko vya zege, si vyuma. Vyuma huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chakavu, na shimo linalobaki humvunja mtoto mguu. Mtaro ukishafunikwa, mmepata njia ya miguu bila kununua hata futi moja ya ardhi. Upana usipungue mita 2, ili mama mwenye karai kichwani na mwenye kiti cha magurudumu wapishane. Kwenye ncha zote mbili pawe na mteremko laini, sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Kisha kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye michoro ya pundamilia juu yake, pale pale watoto wanapovukia. Rangi peke yake haimsimamishi dereva, tuta humsimamisha. Taa mbili za sola. Nasema sola kwa sababu taa za umeme huletea manispaa ankara kila mwezi, na ankara isipolipwa taa zinazimwa. Lakini betri ya sola iwekwe juu ya nguzo na ifungwe kwa kufuli, la sivyo nayo itaondoka. Ukuta mfupi wa kuzuia udongo upande wa nyuma, wenye kimo cha sentimita 45. Mhandisi ataona ukuta wa kuzuia udongo. Ninyi mtaona benchi refu la watu thelathini. Wote wawili mtakuwa mmesema kweli, na ukuta huo una nafasi halali kabisa kwenye fungu la barabara kwa kuwa unazuia udongo kuingia mtaroni.

Na miti. Hapa naomba mnivumilie, maana ni jambo lililo karibu na moyo wangu. Mwarobaini hustahimili jua na mbuzi hawaupendi sana. Ule mti wa matabaka kama mwavuli, ambao siku hizi uko katika miji mingi ya Uganda, hutoa kivuli upesi. Msikubali mtini au mkuyu karibu na mtaro. Mizizi yake itaupasua ndani ya miaka michache. Msipande chini ya nyaya za umeme, kwa sababu watu wa umeme watakuja kuukata mti kichwa na hautakuwa mti tena. Na kila mche uwe na uzio wake kwa mwaka wa kwanza na jina la mtu wa kuumwagilia. Mti wenye jina la mtu hauachwi ukauke.

Sasa hoja ya kuwashawishi. Msianze na uzuri. Anzeni na vifo. Polisi wa Uganda waliandika zaidi ya watu 4,800 waliokufa barabarani mwaka 2023, na zaidi ya 5,100 mwaka 2024, na wanaoongoza kwa kufa ni waendesha pikipiki na abiria wao, pamoja na waendao kwa miguu. Yaani ni nyinyi hasa, na wateja wenu, na watoto wenu. Kaeni hapo siku tatu, ya soko, ya shule na ya Jumapili, muhesabu kwa vijiti kwenye daftari: wangapi wanavuka kwa saa, watoto wangapi, malori mangapi, pikipiki ngapi zinasimama. Pigeni picha mvua ikinyesha. Andikeni ajali mnazozikumbuka, mwezi na mahali, bila kutia chumvi. Daftari hilo lina nguvu kuliko risala ya kurasa kumi, kwa sababu mhandisi anahitaji takwimu za kuweka kwenye maelezo ya mradi na manispaa nyingi hazina mtu wa kwenda kuhesabu. Mkimletea, mmemfanyia kazi yake, naye hatasahau.

Kuhusu vijana wa boda boda: najua mara nyingine kina mama na boda hugombania nafasi. Waingizeni kwenye kikundi tangu siku ya kwanza. Inasimuliwa kwamba neno lenyewe boda boda lilizaliwa hapo kwenu mpakani katika miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipowavusha watu ile nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita abiria kwa jina la mpaka kwa Kiingereza. Mji wenye historia hiyo una haki ya kuwa na stendi ya boda iliyopangwa vizuri, yenye kivuli na ubao unaosimulia habari hiyo kwa Kiswahili. Ubao huo ndio utakaomfanya mgeni anayeshuka kutoka Kenya asimame na kupiga picha, na anayesimama hununua ndizi. Na boda ndio walinzi wenu: wako hapo kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Taa ya sola iliyo juu ya stendi yao haiibwi.

Nina kisa ninachokibeba. Miaka iliyopita nilikuwa katika timu ya mipango ya mji mmoja, si Busia. Tulitengeneza njia ya miguu nzuri, matofali ya rangi mbili, vyungu vya maua, viti vya chuma. Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya pale tuliwahamisha ili kazi ifanyike, na katika mchoro wetu hatukuwaachia hata mita moja. Hakuna aliyewauliza. Kazi ilipokwisha walirudi, kwa kuwa wateja wao wako pale na hawakuwa na pengine. Sehemu yao ya zamani ilikuwa imejaa vyungu vya maua, basi wakatandaza magunia ukingoni mwa lami, karibu zaidi na magari kuliko walivyokuwa kabla hatujafika. Tulitumia fedha za umma kuwasogeza wauza nyanya kwenye magurudumu. Namshukuru Mungu hakufa mtu, lakini nilipita pale kila asubuhi na kila asubuhi niliona kosa langu. Baadaye vyungu viliondolewa na wakapewa nafasi yenye alama chini, mita moja na nusu kila mmoja. Ilipaswa kuwa hivyo tangu kwenye mchoro.

Kwa hiyo naomba sana, katika mchoro wenu waandikeni wauzaji. Chora mahali pa kila mmoja, idadi yao, saa zao. Kampala mwezi wa Januari 2022 wachuuzi waliondolewa mitaani kwa wingi, na ukiwasikiliza wahusika utaona kwamba mzizi wa ugomvi ni ule ule: mitaa ilipangwa kana kwamba wao hawapo. Huko huko Kampala sehemu ya barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum imetengenezwa kwa majaribio kuwa ya waendao kwa miguu na baiskeli. Mkipata nafasi, tumeni watu wawili wakatembee pale siku ya kazi, wakae, waangalie wauzaji wanakaa wapi na wanunuzi wanapita wapi. Watajifunza zaidi ya ninavyoweza kuandika.

Utunzaji. Hapa ndipo ombi lenu litakapokuwa tofauti na maombi mengine yote yaliyo mezani kwa Karani wa Mji. Serikali inajua kujenga. Fedha za kufagia, kumwagilia, kuzibua na kupaka rangi ndizo hukosekana, na mhandisi anaogopa kujenga kitu kitakachomwaibisha baada ya miezi sita. Mwambieni: jengeni, sisi tutatunza, na hii hapa ratiba yetu. Sajilini kikundi wilayani kama kikundi cha jamii. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inaruhusu, na mkisajiliwa mnaweza kufungua akaunti na kutia saini makubaliano na manispaa. Katika makubaliano hayo muandike nani anafagia na siku gani, nani anazibua mtaro kabla ya mvua za Machi na za Septemba, nani anashika funguo za sola, na kila muuzaji anachangia kiasi gani kwa wiki. Kiasi kiwe kidogo ambacho hata siku mbaya kinalipika. Baganda wana desturi ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi, ambapo kijiji kizima kilitoka kulima njia na kusafisha chemchemi. Wasamia wa hapo kwenu nao hawajasahau kusaidiana. Jumamosi moja kwa mwezi, asubuhi, kabla ya biashara: haihitaji ruzuku.

Jambo jingine ambalo si la lazima lakini linasaidia: jaribuni kabla ya kuomba. Wiki mbili tu, kwa idhini ya maandishi ya manispaa. Chokaa ardhini kuonyesha njia ya miguu, matairi ya zamani yaliyopakwa rangi kutenganisha boda na watoto, turubai moja la kivuli, mabenchi ya kuazima kutoka kanisani au msikitini. Hesabuni tena. Mkibadilisha kitu, kibadilisheni sasa wakati ni chokaa, kabla hakijawa zege. Mkaribisheni mhandisi aje jioni, wakati watu wamejaa. Mchoro ambao mtu amewahi kusimama ndani yake haumsumbui tena kuuelewa.

Kuhusu kalenda, msiichezee. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza 1 Julai. Mapendekezo ya mwaka unaofuata hukusanywa miezi mingi kabla, na mikutano ya bajeti ya serikali za mitaa hufanyika kwa kawaida Oktoba au Novemba. Bajeti ya serikali hufikishwa bungeni kufikia 1 Aprili na hupitishwa kufikia 31 Mei. Ombi linaloletwa Aprili limechelewa mwaka mzima. Njia yake ianze chini: kikao cha LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa, la seli yenu, muhtasari uandikwe na utiwe saini, upande hadi wadi, hadi divisheni, na diwani aupeleke manispaa. Ni safari ndefu, lakini kila muhuri mnaopata njiani ni ushahidi kwamba jambo si la kikundi kimoja. Na fedha zikianza kushuka, ulizeni kwa maandishi zimekuja kiasi gani kwa barabara yenu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa kila raia haki hiyo na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Ulizeni kwa upole na muweke nakala. Kuna pia mikutano ya Baraza, iliyoanzishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009, ambapo maofisa husimama mbele ya wananchi na kueleza pesa zilifanya nini. Ikija kwenu, mwende na daftari lile.

Mkandarasi akifika, mchagueni mtu mmoja, mmoja tu, wa kuzungumza na msimamizi wa kazi, na awe na nakala ya mistari ile. Apime vifuniko. Ahesabu taa. Aangalie kimo cha ukuta kabla zege halijakauka, kwa maana ukuta wa sentimita 80 hauketiwi na mtu.

Fedha ambazo hazijatumika hurudi hazina mwaka wa fedha unapokwisha tarehe 30 Juni, ndiyo maana kazi nyingi hufanywa kwa haraka Mei na Juni, na wapanda miti huja mwishoni kabisa, wakati mvua zinaishia. Hapo msikubali. Mwombeni msimamizi awakabidhi miche mikononi kwa maandishi, muitunze kivulini kwenye kitalu cha shule iliyo karibu, na muitie ardhini Septemba mvua zikirudi.